Mwaka Tuliompelekea Soja wa Busta Kuku

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na baadaye kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba mnara wa simu ulioko juu ya milima ya Iveti ulikuwa ukifyonza nguvu za watu wa Machakos. Sikuamini nusunusu, kama mtu anavyoamini porojo za stendi. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Mnara huo tuliuita busta, na kwa elimu tuliyokuwa nayo wakati ule, busta ilivuta sauti za watu kutoka kwenye simu, na kwa kuwa sauti haitoki mwilini peke yake, ilitoka na nguvu kidogo, na kidogo, na kidogo, mpaka ikifika jioni mtu mzima mwenye ndevu anaangukia daftari lake kama gunia lililokatwa kamba. Nimeyaeleza hayo kwenye harusi, kwenye foleni za hospitali, na siku moja kwa kijana aliyekuja kuniuzia laini ya simu, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaondoka akasahau mwavuli wake. Baadaye minara ilipozidi na watu hawakuzidi kulala, sikutikisika. Niliona tu kwamba wameitengeneza vizuri zaidi.

Mwezi uliopita niliyaeleza tena, safari hii kwenye mazishi ya Mama Ndinda, upande wa Kathiani, nikiwa nimeshika kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kuliko mimi. Nilikuwa nimetoka nyumbani kabla ya mapambazuko, magoti yananiuma, viatu vimejaa vumbi jekundu, na nilipoitwa kuongea kwa niaba ya wanafunzi wenzake wa zamani niliona haya, maana tulikuwa watatu tu hapo. Lakini ukinipa kipaza sauti hunipati tena. Niliwasimulia waombolezaji jinsi marehemu alivyoliokoa darasa letu kwa kuku mmoja, nao wakacheka mpaka mchungaji akatazama saa. Kutoka pale hemani milima inaonekana vizuri. Siku hizi kuna minara kadhaa juu yake, imesimama pamoja kama wazee wanaosubiri chai. Ule wetu ndio mfupi.

Mwaka ule wa kuku ulikuwa wa mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Tulisomea jioni katika darasa la watoto wa shule ya msingi nyuma ya soko, kwenye madawati ya darasa la pili, na mtu mrefu kama mimi alikaa magoti yakiwa karibu na masikio. Ukutani kulikuwa na mchoro wa ng'ombe ulioandikwa sehemu zake zote, na kwa kuwa balbu ilikuwa moja na ilining'inia karibu na ng'ombe huyo, ndiye aliyepata mwanga kuliko sisi. Mpaka leo naweza kukutajia ng'ombe mzima kutoka pembe hadi kwato, lakini kemia imenitoka. Tulianza mwaka tukiwa darasa zima. Kufikia katikati tulikuwa tumebaki wachache, na mapengo katikati, kama meno ya mzee. Mchana nilibeba magunia kwenye kinu cha kusaga mahindi na jioni niliingia darasani mweupe kuanzia kope hadi vidole. Mwalimu wetu, ambaye naye alikuwa amefundisha watoto tangu asubuhi, alikuwa na desturi ya kuegemea ubao akitusubiri tujibu swali. Siku moja alisubiri mpaka akakoroma, na alipogeuka alikuwa na hesabu nzima ya pembetatu imejiandika mgongoni.

Nilikaa na watu watatu. Mama Ndinda alikuwa amevuka miaka arobaini, anapika muthokoi na githeri, vyakula vya mahindi na maharagwe, kwenye kibanda karibu na stendi, na alikuja darasani akinuka moshi na vitunguu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, na hata alipokuwa akiuliza kuhusu mofimu ungedhani chakula kimeiva. Musembi alifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Athi River. Alishona mfuko wa kushoto wa suruali za jinzi, wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa na mtu wake. Aliingia kila jioni na nyuzi za buluu kwenye nywele, akasema, "Sasa watu wangu," akakaa, akalala. Wa tatu alikuwa Kasyoka, mdogo wetu sote, msichana wa kazi katika nyumba ya watu wenye watoto wengi. Huyo ndiye aliyekuwa na kichwa. Hesabu aliyoandika mwalimu, sisi tukiwa bado tunatafuta kalamu, yeye alikuwa amemaliza na ameyaona makosa yake. Alitaka kusomea upimaji wa ardhi. Alisema hivyo mara moja tu, kwa sauti ndogo, na Mama Ndinda akatangazia soko lote.

Habari za busta zililetwa na Musembi. Mnara ulikuwa umesimikwa mapema mwaka ule, na fundi mmoja kwenye basi la wafanyakazi alikuwa amemweleza jinsi unavyovuta. "Fikirini wenyewe," alituambia, kwa mara ya kwanza akiwa macho darasani. "Mwaka jana tulikuwa tunalala hivi?" Tukafikiri. Mwaka uliopita tulilala pia, lakini nani hukumbuka usingizi? "Na ukitaka kujua," akaendelea, "angalia nani analala zaidi. Si wale wa dirisha la kule mlimani?" Tukageuka. Wa dirisha la mlimani walikuwa wamelala. Ushahidi gani tena unataka? Kesho yake tuliegemeza bati dirishani. Musembi akatia karatasi ya rangi ya fedha ya sigara ndani ya kofia. Mama Ndinda akaanza kuja na kifuniko cha sufuria yake kubwa, akawa anakiegemeza begani upande wa mlimani kama ngao. Mwalimu hakupinga, kwa sababu bati lile lilizuia upepo.

Halafu jioni moja Kasyoka alifunga vitabu kabla ya wakati. Hakulia, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mwisho ni Jumatatu, atarudisha vitabu vya mwalimu na hatakuja tena.

"Aiya!" Mama Ndinda akageuka na dawati zima. "Na mtihani?"

"Mama, siwezi. Nikisoma mstari mmoja, nikifika mwisho mwanzo umepotea. Leo nimeweka chumvi kwa chai ya watoto. Nguvu imeisha."

"Si wewe. Ni busta," Musembi akasema.

"Basi busta imeshinda," Kasyoka akasema, akachukua leso yake akatoka.

Tulibaki tukitazama ng'ombe ukutani. Sote tulijua. Mtu akiacha masomo ya jioni harudi. Tulikuwa tumewaona wengi, unawakuta sokoni wanakuambia mwakani, mwakani, mpaka mnaacha kuulizana. Ndipo Mama Ndinda alipotoa neno ambalo mpaka leo naliona ni la busara kupita yote niliyosikia shuleni. Alisema kila mashine ina mwenyewe. Ile iliyoko mlimani lazima iwe na soja wa kuilinda, na soja ni mtu, na mtu huombwa. Tungepanda Jumapili, sote pamoja na Kasyoka, tukamwombe azime wakati wa darasa. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye adabu anayeenda kuomba jambo kubwa mikono mitupu, tungebeba kuku.

Kasyoka alikubali kuja kwa heshima ya Mama Ndinda, basi. Tulikutana asubuhi kibandani, siku yetu pekee ya kupumzika, na ukituona ungedhani tunarudi kutoka safari, si kwamba tunaenda. Musembi alikuwa amelala akiwa amevaa viatu ili asipoteze muda. Mimi mgongo ulikuwa umekataa kunyooka tangu gunia la mwisho la Jumamosi. Kuku alikuwa jike la rangi ya udongo, shingo tupu isiyo na manyoya, macho makali. Ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa amelala usiku mzima. Tulimfunga miguu tukapeana kwapani kwa zamu, na kila aliyempokea alipokea pia maoni yake.

Njia ilipanda katikati ya mashamba yaliyokatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, nyasi za nepia kwenye kingo, na sisi tukayapanda moja baada ya jingine kama watu wanaopanda ghorofa ndefu kuliko zote duniani. Nasema kwa kiapo kwamba mlima ule siku ile ulikuwa ukiongezeka. Unafika kwenye mkaratusi uliouweka kama lengo, unainua macho, kilele kimesogea. Waumini walikuwa wakishuka kwenda kanisani, wamevaa vizuri, wanatusalimia, kisha wanamtazama kuku. Mama mmoja mwenye Biblia kwapani, mahali pale pale tulipokuwa na kuku sisi, alisimama kabisa.

"Sasa nyinyi mnaenda kuposa wapi na kuku?"

"Mama, hii ni ya kuanzia," Musembi akamjibu. "Mbuzi wako nyuma. Wamechoka, wanapumzika."

"Asi! Na bibi arusi ni huyu mmemtembeza na miguu?" Akamtazama Kasyoka aliyekuwa nyuma yetu, amejifunga leso kiunoni, uso umekauka. Kisha akanitazama mimi. "Bwana arusi akiwa ni wewe, msichana, rudi nyumbani."

Mama Ndinda alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ukingo wa tuta. Kasyoka hakucheka. Nilipunguza mwendo nikatembea naye, nikamweleza utani mwingine, na mwingine, mimi si mtu wa kukosa, naye akawa anaitikia "mm" kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwishoni akaniambia, "Mutiso, usinichekeshe. Nikicheka nitakaa chini, na nikikaa sitaamka." Nikanyamaza. Kwa wanaonijua, hicho ndicho kipindi kirefu zaidi nilichowahi kunyamaza, toka shamba la mwisho la mahindi mpaka msitu unapoanza.

Msituni kulikuwa na baridi na majani makavu yanayoteleza. Tulikula tukiwa tumesimama, kwa sababu ya lile neno la Kasyoka: muthokoi wa jana, umepoa ukashikana kwenye kopo, tukaukata kama keki, na maparachichi tuliyopewa njiani na mzee aliyedhani tunaenda maombi. Sijawahi kula mahali pazuri hivyo na mdomo mzito hivyo. Mama Ndinda alivua viatu akavishika mkononi na hakuvivaa tena siku hiyo. Mara miti ikaisha, upepo ukatupiga usoni, na busta ilikuwa pale mbele yetu, chuma kitupu kilichopakwa nyekundu na nyeupe, ndani ya uzio wa waya. Chini kabisa mji wa Machakos ulikuwa mabati yanayometa, na ng'ambo ya tambarare kulikuwa na ukungu mweupe wa viwanda. "Ile moshi kule ni Athi River," Musembi akasema, anahema. "Nauona mpaka mfuko wangu."

Soja alikuwa mtu wa makamo, ndani ya koti kubwa linaloweza kulaza familia, amekaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa. Jina lake lilikuwa Kilonzo. Hakuinuka.

"Hodi hapa," Mama Ndinda akasema.

"Hapa si duka."

"Tunajua, ndugu yangu. Tumekuja kwa mkubwa."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mkubwa ni mimi."

"Basi tumefika." Na Mama Ndinda, miguu peku, kuku mkononi, akatoa hotuba ambayo hata mbunge hajawahi kuitoa. Alimweleza kuhusu darasa, kuhusu bati, kuhusu huyu msichana ambaye kichwa chake ni cha kupima ardhi ya nchi nzima na sasa kimekauka. "Hatusemi mashine iondoke. Kila mtu ana kazi yake. Tunaomba tu uzime jioni kidogo, tusome, halafu uwashe watu waongee."

Kilonzo alitazama mnara. Akatutazama sisi, mmoja mmoja. Kuku akamtazama zaidi. "Kutoka saa ngapi?" akauliza.

"Jua likizama. Mpaka saa tatu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hakuna darasa."

"Basi Jumamosi nitaiacha ingurume." Akanyoosha mkono akampokea kuku, akampima uzito bila haraka. "Na mtihani ukiisha?"

"Ukiisha washa mpaka ichoke yenyewe," Musembi akasema.

Wakashikana mikono. Nakumbuka nilihisi kitu kikinishuka mabegani. Nilikaa kwenye nyasi nifunge kamba ya kiatu, na hicho ndicho kitu cha mwisho nilichofanya kwa muda mrefu. Tulilala sote, chini ya ile ile mashine tuliyokuwa tukiikimbia na bati na kifuniko cha sufuria. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama upande mwingine wa mnara. Musembi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kofia yake ya karatasi ya sigara imemtoka. Mama Ndinda alikuwa amekumbatia viatu vyake. Kasyoka peke yake hakuwepo. Nikamwona kwenye uzio pamoja na Kilonzo, wote wawili wamekunja shingo wakitazama juu, soja akionyesha kitu kwa kidole. Kisha Kasyoka akageuka, akatutazama tulivyolala, muda mrefu, akaweka mkono mdomoni, na akacheka. Mabega yote yakatikisika. Nikajisemea, unaona, hata haijazimwa na nguvu zimeanza kurudi.

Kushuka, yeye ndiye aliyetangulia. Alimbebea Mama Ndinda mfuko, akamshika mkono penye majani ya kuteleza, akatuita tulipobaki nyuma: "Nyinyi wazee, giza litatukuta!" Jumatatu alikuja darasani. Vitabu hakurudisha. Jioni hiyo tuliondoa bati dirishani tukatazama mlimani, na Musembi akapiga meza. "Hakuna taa! Hata ile nyekundu ya juu hakuna! Jamaa amezima!" Tukapiga makofi. Hakuna aliyewahi kuangalia kabla ya hapo kama ilikuwa na taa. Kuanzia siku ile, nikikusimulia nilivyosoma, utadhani nasema uongo. Mwalimu alikuwa akituomba tumhurumie. Kasyoka alipata alama ambayo mkuu wa shule aliisoma mara mbili. Mimi nilipata yangu ya katikati, nikaitia kwenye fremu.

Hayo ndiyo niliyowaambia waombolezaji. Lakini nilipokaa chini na sahani ya wali na maharagwe, kelele za kipaza sauti zimekwisha, nilijikuta nakumbuka mambo ambayo huwa siyasimulii. Kwamba Musembi aliendelea kulala kila Alhamisi mpaka siku ya mtihani. Kwamba mimi mwenyewe niliandika nusu ya majibu ya historia nikiwa sijui ni ndoto au ni Vita vya Pili vya Dunia. Kwamba Mama Ndinda alianza kuleta sufuria ndogo ya muthokoi darasani, akaiweka mbele ya Kasyoka kabla ya mtu mwingine yeyote, na kila jioni tulimsindikiza msichana yule mpaka langoni kwa tajiri wake, sote wanne tukiburuta miguu, hakuna aliyesema kwa nini. Uchovu ule sikuwahi kuupata tena, na pia sikuwahi kupona. Bado uko hapa, chini ya mgongo.

Kasyoka alikuja akaketi kando yangu. Ana mvi mbili tatu sasa, na viatu vya kazi vyenye tope la shamba la mtu fulani. Alikuwa ametoka kuweka mawe ya mipaka moja kwa moja akaja kuzika. Ng'ambo ya hema Musembi, ambaye siku hizi ana tumbo na karakana yake ya kushona, alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki.

"Umeongea vizuri," akaniambia. "Mama angecheka. Lakini Mutiso, hiyo maneno ya busta, bado unaiamini?"

"Nisiiamini namna gani? Si ulikuwepo? Si Kilonzo alizima?"

"Hakuzima kitu. Haikuwa na stima. Nyaya za umeme zilikuja mwaka uliofuata. Aliniambia siku ile, mkiwa mmelala. Alinionyesha hata mahali zitakapofungwa."

Kijiko kilisimama njiani. "Na hukutuambia?"

"Ningewaambiaje?" Alikuwa akitazama mlimani. "Nilipanda pale nikijua nawaaga. Halafu nikageuka nikawaona kwenye nyasi, midomo wazi, Mama na viatu vyake. Jumapili yenu yote. Na kuku."

Nikaweka sahani chini. "Sasa, kama si busta, ni nini kilikuwa kinatumaliza nguvu vile?"

Kasyoka alinitazama kama anavyotazama jiwe la mpaka lililosogezwa.

"Kazi," akasema. "Ulikuwa unabeba magunia mchana kutwa, halafu unakuja kusoma. Tulikuwa tumechoka, Mutiso. Ni hivyo tu."